Kipande Namba Kumi na Saba

Juzi, nilipokuwa nafuta vumbi kwenye kabati la vioo la marehemu Mama, ndege yake ya plastiki ilianguka. Kitambaa kilinasa kwenye bawa, mimi nikavuta, basi. Ilikuwa siku ya tano tangu tumzike, na wageni wa matanga walikuwa wameanza kupungua. Nilipiga magoti sakafuni, mwanamke mzima mwenye watoto wakubwa, nikaanza kuokota vipande vya plastiki kimoja kimoja. Nikajiona tena yule mtoto wa miaka tisa. Ikanijia na harufu ya ile gundi, kali, ya kuchoma pua. Labda nilijidhania tu, maana gundi gani hunukia miaka yote hiyo?

Ninyi mliokulia Biryogo enzi zetu mnakumbuka jinsi mtaa ulivyolia cherehani kuanzia asubuhi. Moja ya hizo ilikuwa ya Baba, kwenye baraza yetu. Baba alikuwa fundi mwenye sifa, na alikuwa msahaulifu kupindukia. Ndiyo maana alikuwa na desturi yake ambayo mafundi wenzake waliicheka. Kabla ya kukata nguo ya sherehe, alikata kwanza ndogo yake kwa karatasi ya kaki na makapi ya vitambaa, urefu wa mkono wangu, yenye kola, vishikizo, mifuko, kila kitu. Aliita ndogo hiyo "mtoto", akaitundika kwenye msumari mbele ya macho yake, ndipo akagusa kitambaa cha mteja.

Siku moja karani mmoja wa wizarani Kacyiru alirudi na suti yake ya harusi. Alikuwa ameoa Jumamosi, na siku nzima hakuwa na pa kuweka mikono, kwa sababu suruali haikuwa na mifuko. Baba hakubishana naye. Alikwenda kwenye msumari, akamshusha mtoto, akamgeuza nje ndani. Mtoto naye hakuwa na mifuko.

"Umeona, bwana?" Baba akasema, kana kwamba ameshinda kesi. "Kwa mtoto haiko. Sasa kwa mukubwa itatoka wapi?"

Karani alicheka kwa hasira, mama zangu wa jirani wakacheka kwa raha, nami sikucheka. Kwangu ile ilikuwa sheria. Kinachokosekana kwenye kidogo, kitakosekana kwenye kikubwa.

Mama yeye alishona kofia. Alikaa kwenye mkeka nyuma ya mlango, mahali mwanga unapoingia bila upepo, akatoboa na kuzungushia uzi vile vitobo vidogo ambavyo mtu wa kawaida anaviona tu akiinua kofia juani. Alikuwa na sindano moja ambayo bibi yake alikuja nayo kutoka Ujiji, nyembamba hata ukiilaza kiganjani unaweza kuisahau. Aliichomeka kwenye donge la nta, na donge aliliweka kifuani. Sindano nyingine tuliruhusiwa kuazima. Ile hapana. Hata Baba, fundi wa nyumba, hakuwahi kuishika.

Ndipo akaja Musiyo. Jina lake halisi silikumbuka, sote tulimwita hivyo, yaani 'bwana' kwa Kifaransa chetu. Alikuwa Mbelgiji mzee mwenye gari dogo la kijani, anakaa Kicukiro, na kazi yake ilikuwa kutengeneza ndege pale uwanja wa Kanombe. Aliishi Kongo miaka mingi, kwa hiyo Kiswahili chake kilikuwa cha kule, 'ndiyo' kwake ni 'njo'. Alileta ovaroli za kazi zipigwe viraka, akaiona kofia ya Mama kwenye kamba. Aliishusha, akaipeleka kwenye mwanga, akaweka miwani ya pili juu ya ile ya kwanza.

"Ni nani anashona hii?"

"Ni mama watoto," Baba akajibu.

Siku mbili baadaye alirudi na boksi. Ndani kulikuwa na ndege ya plastiki ya kuunganisha, imelala vipande vipande, mbawa pembeni, tumbo limepasuliwa katikati kama samaki wa kukaushwa. Lakini hakuja kwa ajili ya ile. Alichotuletea kilikuwa kwenye bahasha peke yake: bati la shaba la manjano, jembamba kama karatasi ya pakiti ya sigara, lililochongwa vitu vidogo vidogo vilivyoshikana na fremu kwa vishikio visivyozidi unywele. Akatueleza kwamba wanaouza boksi hawajali, milango yao minene, miguu ya ndege minene kama miiko ya ugali. Basi kuna watu wengine kabisa, mbali huko Ulaya, wanaokaa kuchonga vile vilivyopuuzwa: mikanda ya viti, vifuta vya kioo cha rubani, ngazi, nyaya za magurudumu. Unanunua seti yao ya nyongeza, unang'oa vya boksi, unaweka vyao. Ile aliisubiri kwa posta kuanzia mvua hadi mvua. Ilipofika, mikono yake ilikuwa imeshaanza kutetemeka.

"Mama, hii njo kazi ya mukono mutulivu," alisema. "Wangu inakataa. Nisaidie."

Mama alilitazama bati muda mrefu. "Hii iko kama kushona kofia ya siafu," akasema, na sauti yake nikaijua. Alishakubali.

Ndipo Musiyo akanigeukia, mimi niliyekuwa nimesimama nikinyonya kidole, akaniambia neno la kunifurahisha tu. "Hii ndege unaiona? Njo ile baba yako atapanda."

Mwaka ule Baba alikuwa anakwenda Hija. Alijinyima miaka na miaka, jina lake likapita, na mahujaji wangeondokea Kanombe. Musiyo alimaanisha kwamba ni ndege ya namna ile ile, na kwamba ataiandika herufi zile zile ubavuni. Lakini mimi nilikuwa mtoto wa fundi cherehani. Nilichosikia ni kwamba fundi wa ndege ameleta "mtoto" aungwe nyumbani kwetu, akikamilika atundikwe msumarini, ndipo wakubwa wa Kanombe waikate ile kubwa. Nikajivuna kupita kiasi. Shuleni nilitangaza kwamba ndege ya mahujaji inashonwa kwetu.

Kazi ilifanyika kati ya adhuhuri na alasiri, mwanga ukiwa mzuri. Mama alitandika kitambaa cheupe kwenye sinia, juu yake kipande cha kioo. Alikata vishikio kwa wembe wa kufumulia mishono. Kipande kikiachia, alikigusa kwa ncha ya ile sindano ya Ujiji iliyopakwa nta, kikanasa, akakibeba mpaka mahali pake na kukiacha juu ya tone la gundi. Musiyo mwenyewe alipokuja kuangalia alisema hata kibano chake cha chuma hakiwezi hivyo. Mimi nilisoma karatasi ya maelekezo, kwa kuwa ilikuwa ya Kifaransa na Mama alisoma msahafu tu. "Kumi na nne, Mama, hapa kwenye mlango." "Kumi na tano, huku."

"Usipumue hapo, sha," alikuwa akisema. "Geuka pumua kule, urudi."

Siku tuliyofika kumi na sita, adhana ya alasiri ilitukuta. Mama akaenda kutawadha. Kumi na saba ilikuwa kijimkono kidogo kuliko punje ya mchele, cha kufunga mguu wa mbele usijikunje ndege ikitua. Nilijua kwa kuwa mchoro ulionyesha gurudumu lile na mshale mwekundu. Nikawaza, Mama akirudi akute nimeshaikata, atasema binti yangu amekuwa fundi. Nikashika wembe. Kishikio cha kwanza kilikatika vizuri. Cha pili kikakataa, nikakaza mkono, na kipande kikaruka kama kiroboto.

Sikukiona kilipoangukia. Nilipapasa kioo, sinia, mkeka. Nilichambua makapi ya vitambaa chini ya cherehani ya Baba, ambaye alikuwa msikitini. Nikachukua sumaku aliyokuwa ameifunga kwenye kamba ya kuokotea pini, nikaizungusha sakafu nzima. Ilikuja na pini, vishikizo viwili vya chuma, sindano iliyovunjika. Kumbe shaba haishikwi na sumaku, lakini nani angeniambia? Nilidhani kile kipande kimekataa kurudi.

Mama alikunja msala, akakaa. "Haya, soma."

Nikatazama karatasi. "Kumi na nane, Mama."

"Na kumi na saba?"

"Haimo."

Alilitazama bati. Palikuwa na tundu tupu katikati ya kumi na sita na kumi na nane, kubwa machoni mwangu kama mlango. Kisha alinitazama mimi. Halafu akachukua wembe, akasema, "Haya. Kumi na nane iko wapi?"

Sikumbuki kama nililala siku zile. Watu walikuwa wanaingia na kutoka, kila mmoja na dua yake ya kumpa Baba aipeleke Makka: huyu mtoto, yule mguu unaouma, mwingine mume aliyepotelea Uganda. Baba alizipokea zote, nami nikijua anazipeleka ndani ya ndege isiyo na mkono wa mguu wa mbele. Siku moja alitoa zile shuka mbili nyeupe za ihramu, akajifunga mbele yetu na kucheka. "Mimi fundi wa miaka yote hii, kwa Mungu naenda na nguo isiyoguswa na sindano!" Wote wakacheka. Nikatoka nje, nikakaa ukingoni mwa mfereji.

Nilijaribu kumwambia. Nilimkuta anatia mafuta cherehani.

"Baba, ndege ikikosa kitu kimoja?"

"Kitu gani?"

"Kidogo tu."

"Kidogo iko kidogo," akasema, akapuliza vumbi. "Nipe hicho kitambaa."

Yule yule aliyemwonyesha karani mtoto asiye na mifuko! Nilimkasirikia. Nikaona hakuna mtu mzima anayesikia, na kwamba kama ndege haiwezi kutengenezwa basi Baba asipande.

Kilichomwezesha kusafiri, mbali na pasi iliyokuwa kwa viongozi wa msafara, ilikuwa kadi yake ya chanjo. Bila ile hawakumruhusu mtu kuvuka. Aliiweka ndani ya msahafu. Zikiwa zimebaki siku nne niliitoa, nikaikunja mara moja, nikaiingiza kwenye mfuko wa koti la "mtoto" mmoja aliyekuwa ananing'inia msumarini. Mfuko ule Baba aliushona vizuri sana, tangu yule karani hakusahau tena mfuko.

Kesho yake alfajiri nyumba ilipinduliwa. Magodoro yalitolewa nje. Masanduku yalimwagwa. Baba aliuliza kila mtu kwa upole, na upole ule ulinitesa kuliko kiboko. "Niliiweka hapa hapa, na haiko. Mana yanjye, Mungu wangu, haiko." Alikwenda zahanati, wakamwambia chanjo mpya inahitaji siku kumi kabla ya kukubaliwa. Akarudi kwa miguu. Nilimwona akipanda mlima akiwa ameshika kofia yake mkononi, kitu ambacho hakukifanya kamwe njiani.

Siku ya pili alikaa kwenye cherehani bila kushona. Mguu ulikuwa kwenye kanyagio, haukanyagi. Mama alimletea chai, ikapoa. Nilikuwa nimekaa chini ya msumari, na yule mtoto wa koti ananing'inia juu ya kichwa changu.

"Labda sijaitwa," Baba akamwambia Mama. "Mtu haendi bila kuitwa. Mimi nilidhani nimeitwa."

Kisha uso wake ukakunjamana, akajifunika kwa kitambaa cha mteja kilichokuwa mezani. Sikuwahi kumwona Baba akilia. Nilikuwa nimemwona akishinda na njaa, nimemwona akimzika mama yake, bila chozi. Nikasimama, nikavuta koti, na msumari wenyewe ukatoka ukutani. Nikaiweka kadi mapajani mwake.

Nilisema yote kwa mkupuo, kwa Kiswahili na Kinyarwanda vimechanganyika, kamasi zinanitoka: wembe, kipande, sumaku, nilivyoruka namba, gurudumu la mbele litakalojikunja. "Kwa mtoto haiko, Baba! Kwa mukubwa itatoka wapi?"

Baba alinitazama. Kisha akaanza kucheka, kwanza kifuani tu, halafu mpaka akashika meza ya cherehani, na machozi yale ya kwanza yakaungana na ya pili. Hakunipiga. Alinivuta akaniweka kwenye goti kama mtoto wa miaka mitatu.

"Ile kubwa ilishashonwa zamani, mama yangu," alisema. Aliniita mama yangu kwa kuwa nina jina la mama yake. "Inaruka kila siku. Hii ya Musiyo ndiyo inaiga. Kule kikubwa kinatangulia, kidogo kinafuata."

"Kwa nini?"

"Mimi iko fundi cherehani, si fundi ndege. Kwao iko hivyo."

Sikumwamini. Kikubwa kitanguliaje kidogo? Lakini kilichonibakia zaidi ni kwamba Mama hakucheka. Alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai baridi, macho kwenye ile kadi.

"Kumi na saba," alisema, kama mtu anayekumbuka kitu alichoacha jikoni. "Nenda kanawe uso."

Musiyo alikuja kuichukua ndege mchana wa mkesha wa safari. Ilikuwa imekamilika, imepakwa rangi ya fedha miguuni, herufi zimebandikwa ubavuni. Aliigeuza tumbo juu, akaweka miwani juu ya miwani, na kwenye mguu wa mbele akakaa sana. Akamtazama Mama. Mama akainamia kofia yake.

"Mama, iko kamili," akasema.

Nikajua hajaona, au ameona na anatudanganya. Uwanjani Kanombe kesho yake watu walipiga kaswida, wanawake wakapiga vigelegele, mimi nikiwa nimeng'ang'ania ukingo wa baraza la kuagia, nikitazama gurudumu moja tu. Ndege ilikimbia, pua ikanyanyuka, mguu ukajikunja ukaingia tumboni. Watu wakashangilia. Nami nikaelewa kwamba sasa ni kusubiri siku utakapotakiwa kushuka tena. Nilisubiri wiki zote zile nikihesabu kwa vishikizo nilivyotia kwenye kopo. Mama naye alikonda, lakini alisema ni joto.

Baba alirudi. Mguu wa mbele ulishuka, ukagusa, ukasimama imara. Alikuja na tende, maji ya zamzam, na kikohozi. Tangu siku hiyo watu walimwita Alhaji, na ile hadithi ya kadi akaisimulia kila harusi mpaka nikawa naona haya kuhudhuria. Musiyo alipomaliza mkataba na kurudi kwao, alimletea Mama ile ndege. "Ni kazi yako," alimwambia. Mama aliiweka kwenye kabati, juu kabisa, na hakuruhusu mtu kuifuta vumbi.

Kofia zake hazikuwa tena kama zamani. Vitobo vilikuwa vikubwa kidogo, wateja wa zamani waliona, hawakusema. Nilimuuliza mara moja, nikiwa nimeshaolewa, iko wapi ile sindano ya Ujiji. "Ilipotea," akasema, na akaniomba nimpunguzie moto kwenye maharage. Nilidhani ni macho yake yanayochoka na hataki kukiri.

Juzi, basi, nikiwa sakafuni, niliuokota mguu wa mbele. Rangi ya fedha ilikuwa imebanduka ulipogonga chini, na kijimkono kile, namba kumi na saba, kilikuwa kimefichuka mahali pake. Hakikuwa cha shaba. Kilikuwa cha chuma, chembamba, kimekatwa kwa koleo upande mmoja. Upande wa pili kilikuwa na tundu. Nikaenda dirishani, nikaazima miwani ya mwanangu nikaiweka juu ya yangu. Ndani ya tundu kulikuwa na uzi mweupe, umezungushwa kwenye mguu mara tatu na kufungwa kwa fundo lile ambalo Mama alimalizia kofia.

Mama hakuwa amecheka siku ile kwa sababu na yeye alikuwa mke wa fundi cherehani. Alimsikia Baba akisema inaiga tu, akaona asiachie hapo, akaivunja sindano ya bibi yake ili mumewe arudi. Na hakuniambia. Miaka yote ile nilidhani niliogopa peke yangu.

Binti yangu aliingia akanikuta nalia, akadhani ni msiba. Akaniletea gundi. Nilimwambia airudishe, anitafutie uzi mweupe.